Macho ya Nyanya na Treni ya Mazeras

Enzi zetu kule Kulesa, kando ya mto Tana, mtoto aliyewahi kupanda treni alisikilizwa kuliko mwalimu. Mimi nilisikilizwa mwaka mzima, na chumvi niliongeza bila haya.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na macho ya nyanya yangu yalikuwa yakififia. Baba akatupeleka Mombasa, kazi yangu ikiwa kumshika nyanya mkono. Daktari akamwangalia, akasema hakuna la kufanya, na kwamba kabla ya mvua nyingine atakuwa haoni kabisa. Nyanya hakulia. Alimwambia baba, "Basi nipandishe hilo gari la moshi, nione nchi, halafu turudi nyumbani."

Kesho yake tukapanda treni ya Mazeras, kambare wetu mkavu kikapuni, abiria wenzetu wakikunja pua. Sasa sisi watu wa Tana tumekulia kwenye mtumbwi, na mtumbwi ukielemea upande mmoja mnazama nyote. Nyanya akatupanga: baba dirisha la kushoto, mimi la kulia, yeye katikati, sakafuni, miguu ameikunja. Kila nilipotaka kuvuka upande wa baba, alinivuta gauni. "Kaa kwako, utatupindua." Watu walicheka hadi machozi. Baba, mtu mzima na ndevu zake, hakuthubutu kusogea. Na yule aliyekuja kuona nchi hakuona ila miguu ya watu.

Mazeras tukashuka, tukatembea vilimani. Kwetu ni tambarare tupu, kwa hiyo kilima kilinitia wazimu. Nilimwachia baba mkono wa nyanya, nikakimbia mbele, nikiteleza kwenye udongo mwekundu, nikinusa moshi wa kuni na maembe mabivu. Nyanya alikuja polepole nyuma. Mwanga wa mchana ulikuwa umemshinda.

Akaniita, "Mwanangu, kuna nini huko? Niambie."

Nikajibu bila kugeuka, "Minazi tu, nyanya."

Hakuuliza tena. Tulikula kambare wetu kivulini, tukarudi stesheni, na mvua zilipokuja mambo yalikuwa kama daktari alivyosema.

Siku hizi wajukuu zangu wanapanda treni ya kisasa, dirisha kubwa kama mlango, na macho yao yako kwenye simu. Huwatania, lakini kuwakaripia siwezi. Natamani siku ile moja tu irudi. Ningemshika mkono, nikamtajia mnazi mmoja baada ya mwingine mpaka aseme basi, mwanangu, nimeona.