Kimashine cha Zaituni

Ubishi wangu umeniponza, na leo naungama. Mke wangu, Zaituni, akiwa mwezini tumbo humkata hadi ashindwe kusimama. Vidonge havimsaidii, kwa hiyo dada yake akamletea kimashine cha betri: unabandika vipande viwili chini ya kitovu, umeme mdogo unatekenya mishipa ya fahamu, maumivu yanapungua.

Nikamwambia, kwa upole, kuwa ameuziwa uongo. Juzi nimetoka shamba na jasho langu, nikajibandika nihakikishe. Nikawasha namba moja, kimya. Nikapandisha hadi namba nane, ya mwisho, kimya. Kumbe jasho lilizuia vile vipande visishike.

"Hodi!" Mama mkwe huyo, kutoka Ngorongo. Nikashusha fulana haraka, bila kukizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Nikampokea kikapu cha mchele, nikakikumbatia tumboni. Hapo vile vipande vikashika! Nilipiga ukelele, mchele ukamwagika baraza nzima, nami nikakaa chini pu!

Zaituni akaja mbio, akanifunua fulana. Nyaya hizo, zinaning'inia.

Mama mkwe, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kunitania, akajifunika mdomo kwa kanga.

"Mlaze mwenzio, Zaituni," akasema. "Siku ya kwanza ndiyo huuma zaidi."