Pini Midomoni mwa Fundi

Fundi cherehani wa mlango wa pili ana neno moja la shukrani. Umeme ukirudi, "Aleluya!" Uzi ukipita tundu la sindano mara ya kwanza, "Aleluya!" Hata mteja mbishi akiondoka hulisema, ila kwa sauti ya chini. Kanisani kwao neno hilo haliimbwi Kwaresima nzima. Wengine hufunga nyama. Yeye mwaka huu ameapa kufunga neno lenyewe, asilitamke popote mpaka Pasaka. Wiki nzima amekuwa akijizoeza: ulimi ukimwasha tu, anabana pini midomoni, hata kama hana nguo ya kushona. Mumewe anasema nyumba haijawahi kuwa na amani hivi.

Jumanne, kesho yake ikiwa Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, nilimkuta na pini tano. Binti yake alikuwa chumba cha kujifungulia tangu alfajiri, na mimba zake mbili za kwanza ziliharibika. Fundi alikuwa anakanyaga cherehani isiyo na uzi. Simu ikaita. Akasikiliza, macho yakamjaa machozi, asitoe sauti. Nikamsogelea. Miaka yote nimezoea kujua habari zake kwa neno lile. "Fundi, kuna nini?" Akachomoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitakia.

"Leo bado Jumanne?"

"Bado."

"Una hakika, jirani?"

"Jumanne, fundi. Majivu ni kesho."

"Basi ziba masikio."