Kisutu cha Rukia na Mdomo Wangu

Rukia, anayeigiza bibi harusi wa zama za kale katika mchezo wa mtaani kwetu, aliniletea kisutu, kanga ya harusi, nikipinde. Mimi ni fundi niliyejifunza mwenyewe. Pindo moja nalifumua mara tatu. Laiti ningeyafumua na maneno yangu.

Chumbani kwangu, ghorofa mpya za Michenzani, wateja walibishana: Rukia ataolewa kweli na kijana anayeigiza bwana harusi wake? Atavaa nini? Nikajidai mjuzi.

"Kisutu nshampindia! Na nyuma ya pazia nimewaona wakinong'onezana!"

Walikuwa wakikariri mchezo. Hilo nililimeza, lisije likaharibu utamu.

Vigelegele vikapigwa. Bi mmoja nisiyemjua, aliyepakata kitambaa cheupe, hakucheka.

"Una hakika, mwanangu?"

"Bi, mimi ndiye ninayemvalisha!"

Akakikunja kitambaa chake polepole.

"Kisutu hicho nlimpelekea mimi. Rukia kaposwa na kijana wangu, si huyo wa mchezoni. Nlikuja ushone gauni lake la harusi."

Akatoka; nikamkimbilia hadi kwenye ngazi. "Walikuwa wakikariri tu, Bi! Wallahi!"

Akageuka. "Mbona mwanzo hukusema?"