Kiti Kilichompeleka Mama Mkwe Mtoni

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mto Ruvubu, na cha fundi Othmani kinachoonekana ni miguu tu. Imechomoza chini ya sakafu ya nyuma ya boti ya mbao, mmoja una kandambili, mwingine hauna. Mwili uliobaki uko ndani, umelala chali kwenye maji ya vidole viwili, unakaza nati za kiti kilicho juu.

"Shika bulo, Matata! Inazunguka!" sauti inatoka chini ya mbao. Bulo ndiyo bolti, kwa mafundi wa huku.

"Nimeshika."

"Umeshika na mkono ao na spana?"

Matata, mvuta kamba wa kivuko hiki, anautazama mkono wake mtupu, kisha anaitafuta spana kimyakimya.

Ukingoni amesimama Zaituni, mwenye boti, mjane wa miaka sitini na moja, ameegemea fimbo. Magoti yake hayakunjiki vizuri. Kukaa chini hawezi, na kusimama kunamchosha.

"We fundi, unatoka lini huko?"

"Dakika tano, mama."

"Dakika tano ulinipa toka jua halijatoka. Bon, mi nakuja kukaa hivyo hivyo, we endelea na kazi yako."

Miguu inatoka kwa kasi ambayo mtu hangeitarajia kwa fundi wa miaka arobaini na sita. Othmani anasimama, maji yanamchuruzika mgongoni, lami imemkaa kwenye paji la uso.

"Hapana, hapana! Mi siwezi kulala chini, mabukwe akae juu yangu. Ni haya hiyo."

"Mabukwe ni nani hapa?" Zaituni anauliza. "Mi niko mwenye boti. We uko fundi."

Mabukwe ni mama mkwe. Na hapo ndipo ilipo shida yote. Othmani anataka kumwoa Amisa, binti wa Zaituni. Wazee wake walishakuja Muyinga kumposa, wakanywa chai, wakala sambusa, wakaondoka bila jibu. Zaituni aliwaambia neno moja tu: "Kwanza kiti."

Hiki anachokifunga leo, Julai 2003, ni kiti hichohicho. Anakifunga kwa mara ya pili. Kikianguka tena, posa nayo imeanguka.

Othmani ni mtu wa Gitega. Kabla ya vita alikuwa na karakana ya viti yenye wafanyakazi watatu. Alitengeneza viti vya vinyozi, viti vya mabasi, hata kiti kimoja cha mpiga picha kilichopanda na kushuka. Mwaka wa tatu wa vita karakana ikavunjwa, vifaa vyote vikachukuliwa.

"Waliacha mlango," anasema. "Ukuta walibeba matofali, mlango wakaacha. Mpaka leo sijaelewa."

Tangu hapo karakana yake ni baiskeli. Anazunguka na spana, keekee ya mkono na msumeno, Gitega hadi Mutaho, Mutaho hadi Gashoho, Gashoho hadi Muyinga. Kufunga kiti kimoja kunampa faranga elfu kumi na mbili, na mwezi mzuri anafunga viwili. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Amisa, fundi cherehani mwenye miaka thelathini na nne, alimfahamu Muyinga alipomshonea ngozi ya kiti cha kinyozi.

"Alinirudishia ile ngozi mara tatu," Amisa anakumbuka. "Eti mshono umeenda upande. Mara ya tatu nikaona huyu hana shida na mshono."

Daraja la mbao la hapa lilichomwa mwaka juzi. Zaituni akauza ng'ombe wawili, akachongesha boti ya mita saba, akavutisha waya wa chuma na kamba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Boti hii haigeuki. Matata anavuta kamba, inakwenda, anavuta tena, inarudi vilevile, nyuma ikawa mbele. Kwa hiyo anayegeuka ni Zaituni, maana yeye ndiye anayeangalia ukingo unaokuja, magogo yanayoelea, na abiria wanaojifanya wameshalipa.

Alianza na kiti cha plastiki. Kikawa kinateleza. Ndipo Amisa alipomwambia mama yake kwamba kuna fundi Gitega anayejua kufunga viti vya kuzunguka, juu ya mguu mmoja wa chuma.

"Nilijua sababu yake ya kumsifu," anasema Zaituni. "Lakini magoti yalikuwa yananiuma, nikajifanya sijui."

Othmani akachukua kiti cha gari bovu, akakiweka juu ya bomba nene, katikati beringi ya gurudumu la lori ili kizunguke, chini sahani ya chuma ya mviringo. Akafunga vyote nyuma ya baiskeli, akaanza safari.

Hakufika mbali. Kizuizi cha kwanza kupita Mutaho, askari waliona bomba, wakaona sahani ya chuma, wakamlaza chini.

"Hii mzinga inarusha mpaka wapi?" mkubwa wao akauliza.

"Hairushi, shefu. Inazunguka tu."

"Inazunguka ikirusha?"

Ilibidi akiunge chote pale barabarani, akifunge juu ya ubao kwa misumari. Mkubwa akakaa. Akajisukuma kwa mguu, akazunguka mara moja, uso mkali vilevile. Akazunguka mara ya pili, akacheka. Baadaye askari tisa walipanga foleni, kila mmoja na zamu yake, na mmoja akatapika. Othmani aliondoka saa mbili baadaye, na kwa vizuizi viwili vilivyofuata alikuwa anakiunga mwenyewe kabla hajaambiwa.

Alipofika mtoni alifanya kazi nzuri kwa macho. Alipima katikati ya sakafu, akafunga sahani kwa skrubu nane za mbao, akapaka rangi ya kijani. Kisha akakaa yeye mwenyewe, akajitikisa kulia na kushoto. Kiti kikatulia. Othmani ana kilo hamsini na sita.

"Kila mteja mi namwuliza kilo yake," anasema, akiinamisha kichwa. "Ni swali la kwanza. Ukipima mzigo vibaya, kazi yote imekwenda. Sasa huyu ni mabukwe. Utamwuliza mabukwe, mama, uko kilo ngapi? Kwetu hata kumwangalia sana huwezi. Donc nikakadiria."

Alikadiria ngapi?

"Themanini."

Kwa macho?

"Kwa heshima."

Siku mbili kiti kilikaa. Siku ya tatu, siku ya soko, boti ikiwa na watu kumi na wanane na mbuzi, Matata aliigonga kwenye ukingo kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Boti ikasimama, Zaituni hakusimama. Bomba likafanya kazi ya mtaimbo: mwili ukaenda mbele, sahani ikainuka nyuma, skrubu zikatoka moja baada ya nyingine kama magugu kwenye udongo wa mvua.

"Alikwenda amekaa," Matata anasimulia, na bado anashangaa. "Hakuanguka kama mtu anaanguka. Alikwenda na kiti, mikono juu ya magoti, mpaka majini. Maji ilikuwa ya kiuno. Akabaki amekaa palepale. Mbuzi ndiyo ilipiga kelele."

Zaituni alitolewa na wanaume wanne. Hakutukana wala hakulia. Alikamua mtandio wake, akasema Amisa arudishe zile kanga za posa zilizoletwa na wazee wa Gitega.

Amisa hakurudisha. Alimtumia Othmani ujumbe kwa mwendesha baiskeli: njoo, na safari hii leta akili.

Othmani akaja Muyinga, akaingia dukani kwa Nazarali, ambaye familia yake inauza vyuma na sukari mjini hapa tangu enzi za babu yake. Akaomba bolti nane ndefu.

"Ndefu namna hii?" Nazarali akamwuliza. "Unarudisha daraja?"

"Nataka zitoboe sakafu mpaka chini. Skrubu inashika ubao tu. Bulo inashika boti yenyewe."

"Unene?"

"Wa kutosha."

"Fundi, wa kutosha si kipimo. Mzigo kilo ngapi?"

Othmani akatazama dari. Akatazama magunia.

"Sijui."

"Fundi wa viti, mzigo hujui! Sasa mi nikuuzie nini? Dua?"

Kilichotokea baadaye watu wa Muyinga bado wanakieleza, na kila anayekieleza anadai alikuwepo. Nyuma ya magunia ya sukari walikuwepo Zaituni na Amisa, wamefuata sabuni. Zaituni akajitokeza. Akampa Amisa fimbo, akavua viatu, akapanda juu ya mizani ya kupimia magunia ya kahawa.

Nazarali akasogeza jiwe la mizani polepole, kama mtu anayefungua barua ya mwenzake. Jiwe likatulia.

"Mama Zaituni, nisome ao nisisome?"

"Soma. Na sauti."

"Kilo mia moja na kumi na nne."

Mtu mmoja mlangoni akauliza kama fimbo imehesabiwa. "Fimbo ninayo mi," Amisa akajibu.

Zaituni akageuka, akamtazama Othmani ambaye alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. "Umesikia, fundi? We ulinipa themanini. Hizo thelathini na nne zingine ulifikiri zitapanda boti gani?"

Kwa hiyo leo hakuna rangi ya kijani. Othmani amehamisha kiti hatua moja nyuma, mpaka juu ya taruma, ule ubavu mnene wa boti. Bomba amelikata sentimita kumi na mbili, ili miguu ya Zaituni ikanyage sakafu na uzito ukae chini. Bolti nane zimepita mbao, na chini zimeshika bamba la chuma alilolikata kwenye mlango wa lori, pana kuliko sahani ya juu. Kila bolti ina nati mbili, ya pili inaizuia ya kwanza isilegee. Kila tundu limezibwa kwa katani na lami.

Saa mbili na nusu kazi imekwisha. Habari zimefika sokoni, na ukingoni kuna watu wapatao sitini. Wengi hawana safari yoyote ng'ambo.

Zaituni anapanda. Anakaa. Othmani amesimama kando ya boti, maji ya magoti, mikono ameificha kwapani.

"Vuta," Zaituni anamwamuru Matata. Boti inakwenda hadi katikati, inarudi.

"Gonga."

Matata anagonga ukingo kidogo, kwa adabu.

"We Matata! Siku ile uligonga hivyo?"

"Hapana, mama."

"Basi gonga kama siku ile."

Anagonga. Wanawake wawili waliokuwa wamesimama ndani ya boti wanakaa bila kupenda. Kiti hakijasogea. Anaambiwa agonge tena, anarudi nyuma mita kumi, anakuja mbio, na boti nzima inapanda udongoni hadi mita moja. Sufuria ya mtu inaingia mtoni. Zaituni ameyumba, ameshika mkono wa kiti, amerudi mahali pake. Sahani haijainuka hata unywele.

Watu wanapiga makofi. Zaituni anajisukuma kwa mguu wa kulia, anazunguka polepole mzunguko mmoja kamili, Muyinga, mto, ng'ambo, Muyinga tena. Kisha anajifunika mtandio hadi shavuni na kumwita Matata, ingawa Othmani yuko hatua nne tu kutoka kwake.

"Matata. Mwambie mkwe wangu aangalie upande mwingine. Nataka kushuka."

Huku mama mkwe hasemi ovyo na mkwe wake uso kwa uso. Fundi unamfokea utakavyo. Mkwe unamtumia mtu.

Othmani ameshageuka. Anatazama mafunjo, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko. "Mwambie," anasema, "nimegeuka zamani."

"Anasema amegeuka," Matata anapeleka ujumbe, hatua nne.

"Nimesikia. Mwambie wazee wake waje Alhamisi. Na sambusa safari hii walete wao."

Nikaha itakuwa kabla ya Ramadhani. Othmani anataka kupanga chumba kimoja Muyinga, chenye mlango mpana: cherehani ya Amisa upande mmoja, viti vyake upande wa pili. Wenye boti wawili wa upande wa juu wa mto wameshamwita. Safari hii, anasema, kilo ataziuliza kabla ya kusalimia.

Na vita vikiisha, daraja likajengwa, boti itakosa kazi. Hilo nalo amelifikiria akiwa amelala chali mle majini.

"Zile bulo zote nimezipaka grisi," anasema, akijifuta lami kwenye paji la uso na kuieneza zaidi. "Nusu saa tu nakifungua kiti. Namfungia barazani kwake, aangalie watu wanapita darajani bure."