Masista au serikali: nilivyopewa kazi ya kumchagulia mdogo wangu chekechea

Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndipo ilipoanza. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naandika kwenye daftari langu, na kila ukurasa huwa naanza na saa.

Wakuu, habarini za humu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Mimi ni msomaji wa kimya. Kama miaka miwili nasoma nyuzi zenu na sijawahi kuweka hata neno moja. Leo naweka. Ni mambo ya nyumbani kwetu, na sijapunguza kitu hata pale ninapoonekana mjinga. Majina tu nimebadilisha, maana Bagamoyo ni ndogo na shangazi zangu wana simu.

Niiteni Zuhura. Nimemaliza kidato cha nne juzi juzi, niko nyumbani Dunda nasubiri matokeo. Nina aibu sana. Dukani nikikuta watu wawili nasubiri waondoke ndiyo niseme ninachotaka. Nyumbani wananiita Bubu. Nimeshazoea, naitika.

Nina mdogo wangu mmoja, Nasra, ana miaka mitano. Januari anaanza chekechea. Swali lilikuwa aanzie wapi: darasa la awali pale shule ya msingi ya serikali, dakika tano kwa mguu kutoka kwetu, au nasari ya masista wa Katoliki.

Sisi ni Waislamu. Nasra anasoma chuoni kila alasiri tangu hajafikisha miaka minne. Wa bara msichanganyikiwe, chuo huku kwetu ni madrasa.

Sasa hiyo Jumanne Mama akaingia na fomu ya masista.

Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Miaka yote anawashonea watoto wa watu yale magauni ya drafti ya bluu ya masista. Safari hii alishakata la Nasra kabla fomu yenyewe haijajazwa. Akaiweka mezani, akaweka na mkasi juu yake isipeperuke.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Hakuinua hata uso.

"Mama Zuhura, mtoto yule kaadhiniwa sikioni nikiwa nimempakata mimi. Leo unampeleka akapige msalaba ndiyo apewe uji?"

"Mama, uji ni uji tu."

"Uji una bismillahi yake."

"Na ataisema. Kwani watamziba mdomo?"

"Hawatamziba. Watamtilia mwingine."

Mama akarudi kwenye cherehani, akawa anakanyaga kama ana ugomvi nacho.

Baba ni mpishi kwenye kambi moja ya wageni huko Saadani, anarudi mwisho wa mwezi. Mchana akapiga simu. Mama akamweleza yake, Bibi akapokea akaeleza yake, Mama akainyakua tena. Mwisho nikasikia, "Mpeni Bubu."

Nikapokea.

"Mwanangu, wewe ndiye utakayekuwa unampeleka na kumrudisha. Nenda kazione zote mbili. Ukae, siyo kuchungulia. Alhamisi jioni nitapiga. Utakachosema wewe ndicho hicho hicho."

"Baba, mimi?"

"Wewe huongei sana, kwa hiyo huna nafasi ya kudanganya sana."

Bibi akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi, akanigeukia mimi. "Haya mke mwenzangu. Bubu kapewa ukadhi." Mama hakucheka.

Jumatano nikaenda kwa masista na Nasra.

Wakuu, pale ni pazuri, nisiseme uongo. Uwanja umefagiwa, vyoo ni vidogo saizi ya watoto, kila kiti kina jina la mwenyewe limebandikwa mgongoni. Watoto kama thelathini, walimu wawili. Nikaelewa kwa nini Mama alikata kitambaa mapema.

Ukafika wakati wa uji, nikakaza macho kwa ajili ya Bibi. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Watoto wetu wakakinga mikono, wakasema yao, wakajifuta uso. Sista akasubiri mpaka wote wamalize ndiyo vikombe vikatembea. Moyoni nikasema, hoja ya Bibi imekwisha.

Kisha Sista akamwita Nasra kumpima. Ni mpole, ana miwani, alichuchumaa ili walingane. Akampa daftari na penseli.

"Niandikie moja mpaka tano, mama."

Nasra akaligeuza daftari, akalifungua kwa nyuma. Akaanzia ukingo wa kulia. Moja, kisha mbili pembeni yake akielekea kushoto, hivyo hivyo mpaka tano. Ukitazama kishule unakuta tano, nne, tatu, mbili, moja.

Sista akaweka kidole kwenye ile ya kushoto. "Hii ngapi?"

"Tano."

"Tunaanza kuhesabu na tano?"

Nasra akanitazama mimi.

Akapewa kitabu cha picha aeleze hadithi. Akaanza na ukurasa wa mwisho, pale sungura ameshalala. Sista akatabasamu, akaandika kitu kwenye fomu, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, ni mtoto mzuri, ila bado hajakaa sawa. Tutamweka baby class na wale wa miaka mitatu. Mwaka mmoja tu, kisha atapanda."

Mliopita chuoni mmeshaelewa. Msahafu unafunguliwa kulia, unasomwa kulia kwenda kushoto. Kitabu pekee ambacho Nasra amewahi kukishika kwa dhati ni juzuu yake. Kwa alivyofundishwa, hakukosea hata moja.

Na mimi nilijua. Nilijua tangu alipogeuza daftari. Sentensi yenyewe ilikuwa ya maneno manne: Sista, huyu anasoma chuoni.

Nilichosema ni, "Asante Sista."

Njiani Nasra akaniuliza, "Da Zuhura, nimekosa?"

"Hujakosa."

"Mbona kaandika?"

Nikamnunulia ubuyu.

Hapo ningekuwa mtu wa kujisamehe ningesahau. Lakini baada ya alasiri, aliporudi kutoka chuoni, Bibi alimwambia amsomee kidogo. Nasra akachukua juzuu, akaifungua kwa kushoto. Akaona si penyewe, akageuza. Akanitazama, akageuza tena. Mwisho akaifunga, akaikumbatia.

"Nani kamvuruga mtoto huyu?" Bibi akauliza.

Mmoja pale alikuwa na jibu.

Alhamisi ikawa zamu ya serikali.

Huku nako nisiseme uongo. Nilihesabu watoto nikafika sabini, wakawa wanahama hama nikaacha. Mwalimu mmoja. Mbele wamebanana kwenye madawati, nyuma wamekaa mkekani. Chooni foleni. Kuna mtoto alilia kule nyuma mpaka akachoka mwenyewe akalala, na mimi nikiwa pale pale natazama, kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa kumshika.

Mwalimu ni mama mtu mzima, amejitanda ushungi, sauti imemkauka. Nasra akapewa daftari. Akaligeuza, akaligeuza tena, penseli ikabaki hewani. Hakuandika kitu.

Mwalimu alikuwa anapita tu kuelekea kwingine. Akasimama.

"Wewe wa chuo gani?"

Nasra akamtaja mwalimu wake.

"Namjua, mkali yule. Sasa nisikilize. Vitabu ni kama nyumba. Cha chuo mlango wake upande huu. Cha shule mlango wake upande huu. Vyote vyako. Ila kila kimoja uingie kwa mlango wake, usipitie dirishani kama mwizi."

Watoto wakacheka. Nasra naye akacheka. Mwalimu akampigia kidoti chekundu kushoto, akamwambia anzia hapo. Kisha akanigeukia mimi.

"Nusu yao wanakuja hivi. Tena wa chuo hawanisumbui, wameshajua kukaa na kushika. Wewe mbona huongei?"

"Naona aibu, Mwalimu."

"Ungeniuzia kidogo hiyo aibu, nisingekauka koo hivi."

Baada ya hapo hakurudi kwa Nasra zaidi ya saa nzima. Nasra akajaza ukurasa wa namba kuanzia kwenye kidoti, na hakuna aliyeutazama isipokuwa mimi. Hili pia niliandika kwenye daftari, kwa sababu Baba alisema nisichungulie.

Jioni kabla ya magharibi Baba akapiga. Tukaweka simu katikati, sauti kubwa. Nikaomba nisome kutoka kwenye daftari, maana watu wakinitazama maneno yananikimbia. Nikasoma yote. Viti vya majina, watoto wetu kukinga mikono, namba zilizoanzia kulia, baby class, sabini na zaidi, mkeka, mlango.

Bibi akadakia, "Si nilisema? Wamemfelisha mtoto kwa sababu ya chuo."

"Hapana Bibi. Hawakujua. Mimi nilijua na sikusema."

Bibi akaurudia ukili wake pale barazani.

Mama akasema, "Basi kesho nenda kaseme. Watampandisha, yaishe."

Na Mama alikuwa na haki, wakuu. Nilishalifikiria hilo tangu Jumatano.

"Bubu," Baba akaita, "unachagua ipi?"

"Ya serikali."

"Sababu?"

Hii haikuwa kwenye daftari, nikasema hivyo hivyo. "Namba nitamfundisha mimi hapa nyumbani. Herufi nitamfundisha. Lakini kuambiwa kwamba hajakosa, na akaamini, siwezi kumpa. Nilijaribu jana na ubuyu. Yule Mwalimu kampa akiwa anapita."

"Sabini, Zuhura," Mama akasema. "Mkekani."

"Ndiyo Mama."

"Na vile viti umeviona kwa macho yako."

"Nimeviona."

Akainuka, akakusanya vipande vya drafti, akavikunja kimoja kimoja. Aliniita Zuhura mara moja tu, na ingekuwa afadhali angeniita Bubu.

Bibi akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Nikamwambia, "Bibi, usishangilie. Siyo kwa sababu ya msalaba. Msalaba hauna kosa lolote hapa."

Sijawahi kumjibu Bibi maishani mwangu. Akanitazama, kisha akasema kwenye simu, "Mwanangu, mkeo kazaa kadhi. Bubu kapata ulimi, sasa humu ndani tutalala wapi?" Baba akacheka mpaka mtandao ukakata.

Funzo naliweka hapa, maana nikifika mwisho sitakuwa na la kuongeza.

Mnaochagua shule, msiulize tu ya dini gani, au ina viti. Nendeni mkae, mtazame mtoto wenu akikosea mbele ya mwalimu. Angalieni anafanywa nini dakika ile. Na wewe uliyempeleka, kama unajua kitu kuhusu huyo mtoto, sema pale pale. Mtoto wa miaka mitano hawezi kujitetea. Ndiyo maana ulimshika mkono ukaenda naye.

Sisemi masista ni wabaya. Wapo Waislamu wengi mtaani kwetu wamesoma pale na wametoka vizuri, dini yao iko pale pale. Sisemi pia serikali ni bora, sabini ni sabini. Nasema kwa Nasra.

Wenye watoto waliogeuza vitabu kama huyu, naomba mniambie mlifanyaje. Walimu mliomo humu, hasa wa chekechea, mnikosoe. Na anayeona nimemkosesha mdogo wangu kiti chake aseme tu bila kunionea huruma, nitasoma zote. Kujibu nitachelewa, mnanijua sasa.

Ijumaa asubuhi nilipoamka nilikuta cheti cha kuzaliwa cha Nasra, kile kinachodaiwa kumwandikisha shule ya serikali, juu ya daftari langu. Mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, amenipa mgongo.

Nikamvalisha Nasra, tukaanza kwa masista. Sista alikuwa getini anapokea watoto. Nikamrudishia fomu yake.

"Sista, Jumatano sikusema. Huyu anasoma chuoni. Kitabu cha kule kinaanzia kulia. Akija mwingine akafungua daftari kwa nyuma, mumuulize kwanza kama anasoma chuo."

Mzazi mmoja akageuka kunitazama. Nikaendelea mpaka mwisho.

Sista akavua miwani. "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Niliona aibu."

Akamgeukia Nasra. "Pole, mama," akamwambia yeye, siyo mimi. Kisha akaniambia, "Mlete, basi. Nafasi yake ipo, na darasa lake."

"Asante Sista. Ameshapata."

Tukaondoka. Shule ya serikali tukamkuta Mwalimu yuko peke yake na wale wale watoto. Akaandika jina la Nasra kwenye orodha ya Januari, akanirudishia cheti. Nikabaki nimesimama mlangoni.

"Bado una shida?"

"Mwalimu, niko nyumbani tu mpaka matokeo yatoke. Wale wa nyuma naweza kukaa nao?"

Alikuwa ameshageukia dawati la mbele kuamua ugomvi wa kifutio. Akanipungia tu mkono, kama mtu anayesema unangoja nini.

Nikavua viatu, nikamshika Nasra mkono, tukaenda kukaa mkekani.