Meli Tatu za Shangazi

Shangazi yangu amepanda meli tatu za kitalii maishani mwake, zile nyeupe kubwa zenye mabwawa ya kuogelea juu na kumbi za muziki ndani. Mbili alizipanda akiwa mfanyakazi wa vyumba. Ya tatu aliipanda akiwa abiria, pamoja na Bibi, mama yake mzazi. Watu wakimuuliza ipi ilikuwa nzuri zaidi, hajibu papo hapo. Kwanza huuliza, "Nzuri kwa nani?"

Habari hizi nimezipata kwake kwa vipande, mara nyingi tukiwa tunakunja nguo, maana mikono yake ikikaa bure na mdomo wake hukaa bure. Ile ya meli ya tatu nimeisikia pia kwa Bibi, na hapo ndipo penye mambo ambayo Shangazi huyaruka.

Alianza akiwa na miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa usafi kwenye hosteli ya wauguzi. Siku ya usaili waliitwa wanawake arobaini, kila mmoja akapewa godoro na shuka. Wengi walichomeka kingo chini ya godoro basi. Yeye alikunja kona kwa pembe kali, kama alivyofundishwa na muuguzi mkuu wa pale hosteli. Msaili aliitazama ile kona, akaandika kitu, hakumuuliza swali lingine hata moja.

Meli ya kwanza ilikuwa na ghorofa kumi na saba na abiria zaidi ya elfu nne. Siku ya kwanza alipotea mara tatu akitafuta bwalo la wafanyakazi. Mara ya tatu alifungua mlango akajikuta kwenye uwanja wa barafu, watu wanateleza kwa viatu vya chuma, na nje ni bahari ya joto.

"Niliurudisha mlango taratibu," huwa anasema, "kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga."

Alipewa vyumba kumi na nane. Asubuhi alivisafisha vyote, jioni akavirudia, kutandua kitanda kwa ajili ya kulala na kuacha taulo iliyokunjwa umbo la mnyama. Abiria walikaa wiki moja wakaondoka, na mchana huo huo wakaingia wengine. Watoto walipaka chokoleti ukutani. Mzee mmoja aliingia na viatu vya mchangani mpaka kitandani. Hakuna aliyekuwa mbaya, ila hakuna aliyekuwa na muda wa kumjua. Walimwita "samahani". Samahani, taulo nyingine. Samahani, kiyoyozi. Wiki ya pili miguu ilikuwa inawaka moto, akawa anailoweka kwenye ndoo ya kudekia huku akila.

Lakini anaisifu meli hiyo kwa jambo moja: ilikuwa na watu. Wafanyakazi elfu moja na mia tano, wa kila lugha, na bwalo halikuwahi kukosa mtu wa kukuchekesha. Chumbani walilala wanne. Mmoja alikuwa akiota kwa sauti na kuagiza sabuni usingizini, nao wakawa wanamjibu kwamba sabuni imeisha.

Baada ya miaka sita kampuni nyingine ilimchukua. Meli hii ya pili ilikuwa ndogo, abiria mia mbili tu, na wote wenye uwezo wao. Vyumba vyake vilishuka kutoka kumi na nane hadi saba. Alilala na mwenzake mmoja kwenye kitanda cha ghorofa, yeye chini, mwenzake juu. Wakaitana hivyo hivyo, Chini na Juu, mpaka wakubwa wao nao wakazoea.

Huko kazi ilikuwa kumjua mtu. Huyu analalia mito mitatu na wa nne anaukumbatia. Yule soksi zake zipangwe kutoka nyeupe kwenda nyeusi. Mwanamke mmoja wa chumba cha mwisho hakutaka kuambiwa habari za asubuhi kabla hajavaa hereni. Zulia lilikuwa zito kiasi kwamba mtu akikupita husikii kitu, na msimamizi alipitisha kidole juu ya fremu za milango. Abiria walimjua Shangazi kwa jina na walimuuliza habari za nyumbani, lakini jibu lilikuwa moja tu, kwamba nyumbani wazima. Ukinuna wanaona. Ukiwa na macho mekundu wanaona, na mmoja wao atasema kwa nia njema tu mbele ya msimamizi.

"Kwenye ile kubwa nilichoka miguu," aliniambia. "Kwenye ndogo nilichoka uso."

Mwaka wake wa nne hapo, meli ilikuwa inavuka bahari kuu. Siku ya pili ya safari aliitwa ofisini akaambiwa baba yake amefariki. Bandari iliyofuata ilikuwa mbele, siku sita. Hakukuwa na cha kufanya. Meli hairudi nyuma kwa ajili ya msiba wa mtu wa vyumba. Alipewa siku moja ya kupumzika. Siku ya pili yake akarudi kwenye vyumba vyake saba, akapanga soksi.

Nyumbani sisi tulizika bila yeye. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, namkumbuka Bibi akiwa amekaa mkekani, amewekewa simu sikioni. Sauti ilikuwa inakatika. Shangazi alikuwa akisema kitu kuhusu bandari, kuhusu siku sita. Bibi alisikiliza kidogo, halafu akasema, "Endelea na starehe zako." Akairudisha simu kwa baba yangu.

Neno hilo lilimkaa Shangazi kooni miaka na miaka. Alituma vitu, alipiga simu kila mwezi, alikuja likizo akapaka nyumba ya Bibi rangi kwa mikono yake. Bibi alimpokea vizuri, akampikia, akamuuliza afya. Lakini wageni wakija, Bibi alikuwa na msemo wake kwamba binti yake anaishi hotelini, juu ya maji, na hotelini mtu husahau. Shangazi aliendelea kumenya viazi.

Kampuni ile ilikuwa na utaratibu kwamba mfanyakazi akitimiza miaka kumi hupewa wiki moja ya kusafiri kama mgeni, yeye na mtu mmoja. Sisi sote tulidhani atakwenda na rafiki. Akamwambia Bibi.

"Mimi?" Bibi akasema. "Nikafanye nini baharini?"

"Ukae tu, Mama."

"Kukaa nakaa hapa."

Lakini alikubali, tena upesi kuliko tulivyotarajia, na akashona magauni mawili mapya.

Meli ya tatu ilikuwa mpya, ya kampuni ile ile, kubwa kiasi. Walipewa chumba chenye roshani, vitanda viwili na sofa. Bibi alikuwa na miaka sabini na mbili. Alikagua bafu, akafungua kila droo, akauliza kwa nini watu wawili wanapewa taulo kumi na mbili. Kwenye ukumbi wa chakula kijana mhudumu alimvutia kiti akae. Bibi akakishika kwa nguvu, akidhani ananyang'anywa. Aliona watu wakiacha nusu sahani, akawatazama mpaka mmoja akaanza kula tena.

Shangazi ndiye aliyepata shida. Asubuhi ya kwanza aliamka alfajiri kwa mazoea, akatandika vitanda vyote viwili, akafuta sinki, akakunja taulo. Mwanamume wa vyumba alipoingia alisimama mlangoni hajui aanzie wapi. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu akamsubiri Shangazi kwenye korido.

"Mama, naomba nikuambie kitu, usinielewe vibaya."

"Sema tu."

"Ukinitandikia kitanda, msimamizi akipita anaona sijaingia. Na hiyo kona yako mimi siiwezi. Jana ameniuliza nimejifunzia wapi."

Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ndipo akamweleza yeye ni nani, na yule bwana akamwambia kwamba msimamizi mkuu wa vyumba kwenye meli hii ni mwanamke fulani. Jina alilolitaja lilikuwa la Juu, yule wa kitanda cha ghorofa. Waliachana miaka mitatu nyuma kwa mikataba tofauti, na kumbe mwenzake amepanda cheo.

Juu alikuja chumbani mchana ule akiwa na sare yenye mistari begani. Walikumbatiana. Bibi aliwatazama, akamtazama hasa yule mgeni.

"Wewe ndiye uliyekuwa unalala naye chumba kimoja?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Basi nipeleke nikakione."

Shangazi akamwambia Bibi abiria hawaruhusiwi kushuka kule. Bibi hakubishana, alikaa kwenye sofa na kuweka mkoba magotini.

"Mimi sikuja kuona taa," akasema. "Wala hicho chakula. Nimekuja kuona mwanangu alikuwa analala wapi. Kama haiwezekani nitakaa hapa mpaka turudi."

Juu aliomba ruhusa kwa maandishi kwa afisa wa usalama. Ilitoka siku ya tano: dakika ishirini, na yeye mwenyewe awe nao muda wote.

Walishuka kwa ngazi za wafanyakazi. Bibi anasema alichokiona kwanza ni zulia. Lilifika kwenye mlango mmoja likaishia hapo. Upande wa pili ilikuwa sakafu ya chuma iliyopakwa rangi, taa nyeupe, na harufu ya sabuni na supu. Walipita chumba cha kufulia, mashine zinanguruma kama lori linapanda mlima, wanaume watatu wanalisha mashuka kwenye pasi ndefu. Wakapita watu waliosimama ukutani kumpisha, na Bibi akamsalimia kila mmoja. Juu akafungua mlango mwembamba.

Kilikuwa chumba cha wasichana wawili waliokuwa kazini. Vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na pazia lake. Kabati mbili, kioo, kiti kimoja. Watu watatu waliposimama humo, mlango haukufungika.

"Dirisha liko wapi?" Bibi akauliza.

"Hakuna, Mama. Hapa tuko chini ya usawa wa maji."

Bibi aliweka kiganja ukutani. "Maji yako hapa nyuma?"

"Hapo hapo."

"Chako kilikuwa kipi?"

"Cha chini. Kama hicho."

Bibi alivua viatu, akampa Shangazi mkoba, akaingia kitandani kwa kujikunja na kulala chali. Halafu akavuta pazia. Shangazi na mwenzake wakabaki wamesimama, wanatazamana. Injini ilikuwa ikisikika kupitia sakafu.

"Siku ya baba yako," sauti ya Bibi ikatoka nyuma ya pazia, "ulikuwa umelala hivi?"

"Siku ile sikulala, Mama."

Hapo Shangazi huwa anaishia. Yaliyofuata nimeyasikia kwa Bibi. Anasema yule mwenzake alizungumza bila kuulizwa.

"Mimi nilikuwa juu yake. Alilia akiwa ameng'ata taulo ili nisisikie. Nilisikia. Siku sita hivyo hivyo, na kila asubuhi anaosha uso anakwenda kucheka na wageni. Mimi ndiye niliyemfungia vifungo vya sare, mikono ilikuwa haimkubali."

Bibi alijigeuza, pazia likatikisika.

"Mimi nilikuambia neno baya," Bibi akasema.

"Ulikuwa na uchungu, Mama."

"Na wewe ulikuwa nao. Tena huna wa kukaa naye mkekani." Kisha akasema, "Nivuteni mkono, nitagonga kichwa."

Wakamvuta. Alivaa viatu, akalainisha shuka alilolilalia, akashukuru. Kwenye ngazi alipumzika mara mbili. Hakulizungumza tena jambo hilo melini. Ila siku mbili zilizobaki aliwachelewesha wafanyakazi wote wa ghorofa yao, maana kila aliyepita na kigari cha usafi alimsimamisha kumuuliza kama amepiga simu kwao wiki hii. Yule bwana wa vyumba alikiri hajapiga mwezi mzima. Kesho yake alikuja mwenyewe kuripoti kwamba amepiga, na kwamba mama yake anamsalimu Bibi.

Shangazi alikuwa na mkataba mmoja umebaki, akaenda kuumaliza, miezi saba. Safari hiyo Bibi alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliporudi hakuondoka tena. Sasa anafundisha kazi ya vyumba kwenye chuo cha ufundi, na wanafunzi wake wanamwogopa kidogo. Wanaotaka kwenda melini huwaambia waulize kwanza wanalala wangapi chumbani na msiba ukitokea watafanyiwa nini, ndipo waulize mengine. Wengine wameulizia na bado wamekwenda. Wengine wamebaki kwenye hoteli za nchi kavu.

Bibi naye amebadilisha maelezo yake. Wageni wakija huwaambia binti yake amefanya kazi ngumu, kwenye chumba ambacho maji yako nyuma ya ukuta. Ghorofa za meli huziongeza kila mara, sasa zimefika thelathini, na Shangazi hamsahihishi.

Wiki moja baada ya Shangazi kurudi moja kwa moja, wawili hao walikwenda makaburini asubuhi. Mimi niliwapeleka na gari, nikakaa pembeni. Bibi alikuwa amebeba kigoda. Alikaa, akamwambia Shangazi naye akae, na akaanza kumsimulia mazishi ya baba yake tangu mwanzo: nani alifika wa kwanza, nani alipika, akina nani walimbeba, mvua ilianza saa ngapi, kaka yake, yaani baba yangu, alisema nini na alishindwa kumalizia wapi. Shangazi alikuwa anauliza maswali, nguo gani walimvisha, walimweka kichwa upande upi, na Bibi akajibu kila moja bila haraka. Ilichukua karibu asubuhi nzima, kwa sababu Bibi aliwataja watu wote, hata waliokuja na kuondoka bila kula.