Maji ya Moto Mtaroni

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Mji wa Kale. Ukitaka kucheka, cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Mama alipofariki niliondoka Ganjoni, nikaja kukaa kwa Nyanya. Shule niliishia darasa la nane. Nyanya akaninunulia karai, akaniambia nianze upya: nikaange viazi pale mlangoni petu, na nikishindwa atanipeleka kwa mjomba, Taveta. Mjomba simjui. Niliyebaki naye duniani ni Nyanya. Lakini mimi nina haya. Wenzangu wakiita wateja, mimi nayatazama mafuta. Watu wakapita, viazi vikapoa.

Jioni moja nikaosha karai kwa maji ya moto, nikayamwaga mtaroni. Sasa, kwetu hapa, ikifika magharibi humwagi maji ya moto kimya kimya. Unasema kwanza, "Wenyewe, jisogezeni," maana huko chini kuna wanaoishi. Nyanya alinifunza. Lakini hebu niambie, mtu anayeona haya kusema na watu, ataanzaje kusema na mtaro?

Kesho yake, adhana ya magharibi imekwisha tu, akaja mwanamke wa buibui, ananukia udi, amembeba mtoto. Nikafurahi. Nilidhani nimepata mteja.

"Mwanangu," akasema, "jana umeniunguzia mtoto."

Akafunua leso. Kamguu kalikuwa kekundu, kamejaa malengelenge. Na mwisho wake, niamini, hapakuwa na vidole. Palikuwa na kwato ndogo, kama ya mwanambuzi.

Nilitaka kukimbia. Mtoto alinitazama, midomo inamtetemeka kwa kilio alichokizuia. Sijui moyo niliupata wapi. Nikachukua asali ya Nyanya, nikampaka taratibu huku nikipuliza. Akatulia.

Mama yake akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamjibu kwamba naona haya.

"Basi sema sasa."

"Wenyewe, jisogezeni," nikanong'ona.

"Sisi tunakaa chini zaidi ya hapo, mwanangu."

Nikafumba macho, nikapaza sauti yangu yote: "Wenyewe, jisogezeni! Maji ya moto!"

Nilipofumbua macho, hayupo. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa kwenye baraza ya jirani wamegeuka wote. Mmoja akanijia, anacheka.

"Kumbe una sauti, binti. Haya, maji ni ya moto. Na viazi je?"

Akala viwili, akawaita wenzake.

Sasa kila jioni hupaza sauti hivyo, na mtaa mzima waniita Jisogezeni. Mjomba hatajwi tena. Nikimaliza kuuza, huweka kiazi kimoja chenye ukwaju sahanini, kando ya mtaro. Asubuhi hakipo. Nyanya anasema ni paka. Paka gani huyo, anayelamba ukwaju mpaka sahani inang'aa?

Nawe ukimwaga maji ya moto, sema kwanza, tena kwa sauti. Usione haya kama mimi. Huko chini kuna watoto, na asali ya Nyanya niliimaliza.